Miligramu Tano za Muturi

Muturi aliuza dawa ya kupe miaka tisa pale Kitengela kabla ya kujipandisha cheo na kuanza kuuzia watu vidonge. Kichwa chake kilibaki kwenye josho. Kwake, dawa ambayo kifuniko kimoja kinatosha ndoo nzima ndiyo kali, na kali ndiyo bora. Kufikia mwaka wa 1998 wateja walikuwa wanamwita daktari. Mimi nilikuwa nesi wa zahanati iliyotazamana na duka lake, na nilimdharau waziwazi, yeye na wateja wake.

Muhumed, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa na mama mgonjwa wa moyo, Deeqa, miguu imejaa maji. Daktari wa Kajiado alimwandikia frusemide ya miligramu arobaini ya kutoa hayo maji. Muturi aliangalia karatasi, akacheka, akampa Muhumed kidonge kingine cha kukojoza. Hiki ndicho kikali, alimwambia, miligramu tano zinafanya kazi kuliko hizo arobaini.

Kesho yake Muhumed alikuja na kile kidonge kwenye karatasi, akitaka kujua kama ni sawa. Sikukitazama hata. Nilimwambia arudi kwa daktari wake wa kupe, nikaita mgonjwa mwingine.

Miguu ilizidi kuvimba. Muturi alipandisha vidonge vikawa viwili kwa siku, kisha vinne. Deeqa akaanza kulala ameketi, kwa sababu akijinyoosha pumzi zinakatika. Walipomleta kwetu midomo ilikuwa imegeuka rangi. Tulimdunga frusemide, akakojoa mchana kutwa, na jioni akalala chali.

Hapo ndipo nilipopata hamu ya kufundisha. Nilimweleza Muhumed kwamba kidonge cha Muturi kinahitaji kiasi kidogo kuanza kazi, lakini kazi yenyewe ina kikomo, na ukifika hapo hata umeze kumi hakiongezi kitu. Frusemide inataka miligramu nyingi, lakini inafika mbali zaidi.

Alielewa kabla sijamaliza. "Kama punda na lori," alisema. "Punda anakula kidogo, lakini ng'ombe ishirini hawezi kupeleka Namanga."

Nilikubali, nikashangaa kidogo kwamba amenielewa. Aliinama akamfunika mama yake miguu.

"Hiyo maneno imechukua dakika mbili, sista," alisema bila kunitazama. "Mama amelala kwa kiti siku tisa."