Chumba cha Milango Miwili

Albina wa Mkotokuyana ukimpa yai, atataka kujua kuku ametaga wapi. Ndivyo alivyoumbwa. Kwa hiyo siku Adinani alipomwonyesha kile chumba nyuma ya soko la Nachingwea, swali lilimtoka kabla hajavua kandambili.

"Chumba kimoja, milango miwili ya nini?"

"Huo wa nyuma ni wa hewa," alisema Adinani, macho kwenye simu.

Chumba kilikuwa ndani ya jengo refu la zamani, vyumba vimebanana hata jirani akikohoa unataka kumpa pole. Kitanda huku, jiko pale, choo nyuma ya kiukuta, basi. Adinani alikirithi kwa marehemu mama yake, Bi Mwanamvua, na kwa kuwa biashara zake zilikuwa Ruangwa, alitaka kukiuza. Wewe ungekiona kibanda. Albina alikiona na moyo ukamdunda, maana tangu aachike alikuwa akilala kwa kaka yake, kwenye stoo ya magunia ya korosho. Aliyetaka gunia aliingia, aliyemfuata kuku aliingia, Albina yumo anavaa, hayumo, shauri yake. Nani anabisha hodi stoo? Hilo lilimuuma kuliko hata talaka yenyewe.

Lakini si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mkulima anajua kwamba bati halisemi ukweli wakati wa kiangazi, hivyo akangoja mvua, tena ile ya kumwagika, ndipo akarudi na mjomba wake Filbert. Kwao nyumba ya mwanamke hainunuliwi kabla kaka wa mama yake hajaiona. Walikaa humo nusu siku, shingo juu, wakitafuta hata tone. Halikudondoka. Nje mtaa ulikuwa kimya, kila mlango umekinga ndoo zake chini ya bati, na Albina alijiona mjanja kweli.

Aliposhusha macho ndipo alipoiona sakafu. Saruji ilikuwa imelika, imefanya kijia chembamba kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma.

"Mjomba, hapa pameliwa na nini?"

"Labda walikuwa wanaburuta kitanda."

"Kitanda gani hicho kisichotulia?"

Akafungua mlango wa nyuma. Kiua kidogo, kuta pande zote, na katikati kisima kimefunikwa bati. Kisima chake mwenyewe, mjini! Furaha ikamfunga mdomo, jambo ambalo kwa Albina si la kawaida, na swali la sakafu likabaki bila jibu.

Albina na Adinani waliandikiana mauziano kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Bi Ashura, jirani wa mlango wa pili, alisimama shahidi, kisha akamshika Albina mkono. "Umefanya vizuri, mwanangu. Tuliogopa atakuja mtu mwenye roho mbaya."

Albina alirudi na neno hilo kichwani. Roho ya mnunuzi iliwahusu nini majirani? Alilala nalo, akaamka nalo, mvua zikaendelea kunyesha.

Kisha zikakatika. Asubuhi moja alikuwa anachana nywele, kanga kifuani, mlango wa mbele kaurudisha tu. Ukasukumwa. Akaingia mama mmoja na ndoo, akasema, "Umeamkaje, dada," akapita, akafungua mlango wa nyuma. Nyuma yake Kaimu fundi baiskeli na madumu yake. Halafu wanawake watatu, wanaendelea na umbea wa harusi kana kwamba wako barabarani. Waliporudi walidondosha maji kwenye mkeka wake. Albina alisimama kitana kikiwa nywelini, anaitazama miguu yao ikifuata kijia kile kile cha sakafuni.

Alikwenda kwa Bi Ashura, akamwamkia meno yameumana.

"Tulidhani Adinani kakwambia," Bi Ashura alisema, amefadhaika kweli. "Bomba la mtaa lilipokauka, Mwanamvua alichimba kisima uani kwake, akatufungulia. Hakufunga mpaka anakufa."

"Mliniona nakagua bati."

"Tulikuona. Tukasema huyu mkulima, mwache akague bati lake."

Mjomba Filbert, kwenye simu, hakuzunguka. "Funga mlango wako. Au mrudishie Adinani chumba chake, urudi nyumbani."

Nyumbani wapi, stooni? Albina alikaa kitandani akalia kwa hasira. Kutoka stoo ya watu amenunua njia ya watu. Na kufunga? Alishabeba maji kichwani miaka yote ya ujana wake, alijua shingo ya aliyenyimwa kisima cha karibu inavyouma. Asingeweza kuwafanyia hivyo. Lakini kupitwa hivi hivi tena, hapana, hilo pia asingeweza.

Kesho yake alitia komeo mlango wa mbele, akaanza kuchana nywele. Mama wa ndoo akausukuma, haukufunguka. Wakajazana. Manung'uniko yakaanza.

"Albina mwanangu," Bi Ashura aliita, "ndiyo umetufungia?"

"Sijawafungia. Kuna neno hamjalisema."

Ndoo moja ikawekwa chini, na nyingine.

"Neno gani?" Kaimu alimuuliza mwenzake kwa sauti ya chini.

Bi Ashura hakuuliza. Alikohoa kidogo, akagonga mlango kwa kidole.

"Hodi."

Neno hilo Albina alikuwa amelisema maisha yake yote kwenye milango ya wengine, na sasa alitaka kulisikia vizuri.

"Hodi hapa," wakasema wanawake. Hata Kaimu akasema, kwa adabu ya mtu aliyefika ukweni.

Alifunga kanga yake vizuri. Akachomoa kitana, akakunja mkeka pembeni usilowe. Walingoja. Hakuna aliyesukuma.

"Nani?" akauliza, ingawa aliwajua wote.

"Ni sisi, majirani zako."

Albina akaondoa komeo.

"Karibuni kwangu," akasema.