Fimbo za Huyu wa Leo

Mume wangu alitaka fimbo mpya za gofu wiki ileile daktari alipotuambia kwamba dawa zimefika mwisho. Nilimwendesha mimi mwenyewe hadi dukani, kwa sababu mguu wake ulikuwa hauna tena nguvu ya kukanyaga klachi, na njia nzima sikufungua mdomo. Nilijua nikiufungua nitasema mpaka yasiyosemeka.

Niseme wazi: gofu sijawahi kuipenda. Mtu mzima na akili zake anaamka Jumamosi alfajiri, anapiga kimpira kinakwenda huko, halafu anakifuata akakipige tena. Fundi, ndivyo tunavyomwita mume wangu, mimi na mtaa mzima, aliingia kwenye mchezo huu kwa mlango wa nyuma. Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti. Aliitwa kwenye klabu ya gofu, lifti yao imegoma, na akiwa anasubiri kipuri mwanachama mmoja akamwachia fimbo ajaribu. Mpira ukaenda mbali, ukanyooka. Jumamosi zangu zikaishia pale.

Hakuwa bingwa, wala hakuwa mgeni wa mchezo. Alikuwa wa katikati, wale wanaopiga mpira mmoja mzuri wakausimulia wiki nzima, na ile mingine iliyoingia vichakani hutaisikia. Fimbo zake zilikuwa za mitumba, kaziokoteza mojamoja, hakuna mbili zilizofanana. Sasa alitaka seti kamili.

Daktari alikuwa amesema mbele yetu sote wawili, kwa maneno ya kawaida kabisa, kwamba kuanzia sasa watatibu maumivu tu. Fundi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayetajiwa bei ya kipuri. Tulipofika nje akaniambia, "Nikipata nafuu nitalibadilisha lile bati la jikoni." Tangu hapo ikawa nikipona hivi, nikipona vile. Nikijaribu kuligusa lile jambo, anawasha redio.

Hilo ningelivumilia. Lakini tuna binti mmoja, yuko chuoni ng'ambo, na ugonjwa ulipoanza Fundi alinikataza kumwambia. "Ana masomo yake, usimvuruge," alisema. "Nikipona nitamsimulia mwenyewe, tutacheka." Akanifanya niape, nami nikaapa, mjinga mimi, nikidhani kweli atapona. Kila mtoto akipiga simu tunamwambia baba ana mafua, baba kalala, baba katoka kidogo. Siku zinakwenda na yeye hajui. Sikutaka kingine duniani isipokuwa Fundi atamke kwa mdomo wake kwamba anakufa, ili mtoto aitwe amuwahi baba yake. Badala yake akaniomba nimpeleke akachague fimbo.

Duka lilikuwa chumba kirefu chenye zulia la kijani, fimbo zimepangwa ukutani kuanzia mlangoni, na mwisho kabisa wavu mkubwa wa kupigia mipira. Muuzaji alikuwa mwanamama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani na futi ya kupimia iko shingoni. Futi ile ilinifanya nimpende kidogo. Mimi ni fundi cherehani, nimevaa ya kwangu miaka yote ya ndoa yetu.

"Karibu mzee. Mama, kaa kwenye kiti hiki, hawa wakianza kuchagua hawamalizi."

"Huyu namjua," nikamwambia. "Akinunua soksi tu, tunalala dukani."

Fundi akacheka. Kucheka kulikuwa bado kumebaki.

Mwanamama akamuuliza anacheza tangu lini, anacheza mara ngapi, mpira wake unapenda kukimbilia wapi. Kulia, Fundi alisema, daima kulia, hata ukiubembeleza. Wakacheka wote wawili.

"Basi wewe ni wa katikati," mwanamama akasema. "Nyie ndio mnaonipa kazi. Anayeanza nampa fimbo yenye kichwa kinene, inayomfichia makosa, anaondoka kafurahi. Bingwa anakuja anajua anachotaka. Wa katikati anachagua kwa ndoto. Kwa hiyo niambie mapema, mzee wangu. Tunatafuta za huyu wa leo, au za yule utakayekuwa msimu ujao?"

Nilimtazama mume wangu kisogoni, pale nywele zilipokuwa zimeanza kuota tena nyepesi nyepesi, nikasema moyoni: haya, mlango huu hapa, umefunguliwa na mtu baki, pita.

"Za msimu ujao," akasema.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Msimu ujao! Mtu anapumzika mara mbili kutoka kitandani hadi bafuni. Nilitaka kusimama nimwambie yule mama ukweli wote pale pale, fimbo zote zisikie. Nikafungua mkoba, nikaufunga.

Yeye alishafika ukutani. Alichagua zile zenye vichwa vyembamba na mipini migumu ya chuma, zile ambazo hata mimi nisiyejua kitu niliona ni za vijana wenye vifua.

"Hizo hazina huruma," mwanamama akasema.

"Nitazizoea."

Akampima kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi sakafuni, akampima kiganja pia. Kisha akamweka mbele ya wavu, akawasha mashine ndogo iliyokaa chini kando ya mpira, na skrini ukutani ikawaka. Fundi akasimama. Kusimama kwake kulikuwa vilevile, magoti yamelegea kidogo, kidevu juu. Shati ndilo lililokuwa kubwa. Akainua fimbo, akapiga.

Mpira ulibingirika hadi kwenye wavu ukatulia. Akapiga wa pili, akapiga wa tatu. Jasho lilimtoka shingoni. Wa nne hakuugusa kabisa, fimbo ilikwaruza zulia, naye akashika ukuta akijifanya anatazama skrini. Nami nikajifanya natazama bei za kofia.

Mwanamama alivaa miwani, akasoma tarakimu, akazisoma tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi yake.

"Mzee, nikuulize. Umetoka kuumwa?"

"Kidogo."

"Nilijua. Umbo la kupiga ni la mtu anayejua, ila nguvu ndiyo haipo. Basi leo sikupimi." Akazima mashine. "Mgonjwa hapimwi fimbo. Nikikupa zinazokufaa leo, ukipona zitakuwa kama mwanzi mkononi, utakuja kunilaumu. Nenda kapumzike, kula vizuri, mama hapa akutunze. Nguvu zikirudi, rudi tukupime sawasawa."

Nilishanyanyuka na mkoba begani. Nilikuwa na furaha ya uchungu, nikubali. Nilisema moyoni, umeona? Hata dukani wamekukatalia. Twende nyumbani ukawashe redio yako.

Fundi hakuondoka mbele ya wavu. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, kichwa chake chini, anaangalia ule mpira ambao hakuugusa.

"Hazirudi, dada," akasema.

"Samahani?"

"Nguvu. Hazirudi. Hizo ndizo zilizobaki, na kesho zitakuwa pungufu ya hizo." Aliongea taratibu, kwa sauti ileile aliyotumia kuwaeleza watu kwamba lifti yao haitengenezeki. "Suruali hii mke wangu ameipunguza kiuno mara mbili. Anaichukua nikilala mchana, anairudisha kabatini, anadhani sijui. Nipime hivi nilivyo. Nataka nicheze kidogo kabla sijashindwa kusimama."

Nilikaa tena kwenye kile kiti. Machozi yalianza bila kuniuliza, nikayaacha yateremke, nikashika mkoba wangu kwa nguvu kana kwamba kuna mtu anauvuta. Maneno niliyoyasubiri kwenye kila mlo na kila kikombe cha dawa, ameyasema kwa mtu tusiyemjua hata jina, mimi niko nyuma yake na mkoba begani. Nilimwonea huruma. Na nilikuwa nimetoka tu kumcheka moyoni.

Mwanamama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi yake, akaivaa tena. Akaichukua ile fimbo ngumu mikononi mwa Fundi na kuirudisha ukutani.

"Basi tuanze upya," akasema. "Za huyu wa leo."

Akaleta nyingine, nyepesi, kichwa kinene, mpini laini unaopinda ukiutikisa. Fundi alikuwa akiziita fimbo za wastaafu. Nimemsikia kwa masikio yangu akiwasimanga nazo rafiki zake. Safari hii hakusimanga. Akasimama, akapumua, akazungusha taratibu sana, kama anayefungua kabati asiamshe watu. Mpira ukalia vizuri, mlio ule mfupi ambao hata mimi niliutambua, ukapiga wavu juu.

Akageuka kunitazama. Alinikuta nalia, wala sikuficha.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Haujaenda kulia."

"Nimeona, Fundi."

Mwanamama akatuambia seti nzima kwa vipimo vyake inaagizwa, inachukua muda kufika, ila anayo moja iliyo tayari ambayo anaweza kumkatia mipini saa hiyo hiyo. Sote wawili tukajibu kwa pamoja kwamba tunachukua iliyo tayari. Akaikata nyuma ya duka, tukiusikia msumeno, tumekaa, yeye kwenye ngazi ndogo na mimi kwenye kiti. Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu.

Mfuko niliubeba mimi hadi kwenye gari. Sikuwasha injini.

"Kwa nini ulisema msimu ujao?" nikamuuliza.

"Nilitaka nisikie inavyosikika nikisema." Akafikiri. "Inasikika vizuri."

"Mbona mimi hukuniambia? Siku zote hizi mimi nakusubiri useme!"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakusubiri wewe." Alishangaa kweli, nilimwona. "Unapunguza suruali kwa siri. Nikasema, huyu hataki tuliongelee, nimwache. Nikitaja ugonjwa unakimbilia jikoni."

"Nakimbilia jikoni kulia! Wewe unawasha redio!"

"Nawasha redio ili ulie vizuri, nisikusikie ukaona aibu."

Hapo nilitukana. Sitaki kurudia nilichosema, nilimtukana yeye na gofu na lifti zote alizowahi kutengeneza, nikalala kifuani kwake penye mifupa mitupu, naye akanipigapiga mgongoni akisema haya, bibie, haya. Watu walipita na vikapu vyao, wakatutazama, wakaondoka zao. Tulikuwa tumepoteza siku nyingi kila mmoja akimhurumia mwenzake, na siku zenyewe hazikuwa nyingi.

Nilipotulia akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

"Unampigia nani?"

"Nani mwingine?"

Nilimtafutia namba kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimechoka na fimbo. Akaweka sauti ya nje, akaishika simu katikati yetu. Binti yetu alipokea upesi. Nyuma yake kulikuwa na kelele za wenzake wanacheka, vijiko vinagonga sahani.

"Baba! Mafua yameisha?"

"Nimenunua fimbo mpya," Fundi akasema.

"Weee! Na mama kakubali?"

"Mama yako ndiye aliyebeba mfuko."

Mtoto akacheka, kicheko chake kile cha kuanzia puani. Nilimwona mume wangu akikisikiliza hadi mwisho, amefumba macho.

"Basi vizuri," binti akasema. "Tukifunga chuo nakuja unifundishe. Safari hii sitegi. Nakuja kweli."

Fundi alifumbua macho akanitazama. Akaisogeza simu karibu zaidi.

"Usisubiri mfunge, mwanangu."

Zile kelele za wenzake ziliendelea kidogo. Kisha tukasikia kiti kikisukumwa, hatua zake, mlango ukifungwa, na baada ya hapo ikawa pumzi yake tu.

"Niambie, baba," akasema.

Akamwambia.