Makopo Matatu na Dirisha Moja

Ukumbi wetu wa kushona una madirisha upande mmoja tu, na cherehani yangu ipo chini ya lile kubwa. Macho yangu yamezeeka kuliko mimi mwenyewe. Bila mwanga wa dirisha, uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi siuoni, naupapasa tu. Kwa hiyo Mzee Tepe, mtu wa kutembea na tepe shingoni hata akienda msalani, alipotangaza kwamba akiwa mwenyekiti atajenga ukuta na kumkodishia muuza simu upande wa madirisha, nilijua ukuta huo najengewa mimi.

Mafundi wengi hawakuutaka. Shida ni kwamba waliosimama kumpinga walikuwa wawili, na wote wa kwangu: binti yangu, kitindamimba, na mkwe wangu, mke wa kaka yake. Mawifi hao hata chumvi hawaazimani bila maneno.

Niliwaita. "Kitendawili."

"Tega," wakasema, kila mmoja akitazama upande wake.

"Wawili wanavutana shuka, anayepigwa na baridi ni wa tatu."

"Ni wewe, mama," binti akajibu. "Basi mwambie wifi aachie shuka."

"Niachie mimi?" mkwe akasema. "Mimi ndiye niliyesimama kwanza. Aliyekuja nyuma ndiye arudi alikotoka."

Hakurudi mtu.

Kwetu kura ni kifungo. Kila fundi hupewa kimoja, akaingia nyuma ya pazia la kupimia nguo, akakitia katika kopo la amtakaye. Mpiga pasi, kwa kuwa si fundi na hana upande, ndiye huhesabu. Alivimwaga mezani: Mzee Tepe vifungo kumi na sita, binti yangu kumi na vitatu, mkwe wangu kumi na kimoja.

"Mwenyekiti ni Mzee Tepe," akasema.

"Ngoja, mwanangu," nikamwambia. "Wasiotaka ukuta ni ishirini na wanne. Wanaoutaka kumi na sita. Sasa unajengwaje?"

"Bibi, ukuta hatukuupigia kura. Tumepigia watu. Mwenye vingi kuliko kila mwenzake ndiye mshindi, hata asipofika nusu."

"Vita vya panzi, dada yangu," Mzee Tepe akaniambia kwa upole. Hakumalizia, kunguru hana haja ya kujitaja.

Niliona hasira. Nikadai utaratibu wenyewe ubadilishwe kabla waashi hawajaja. Mzee Tepe hakubisha. Alisema mafundi wakiubadilisha, kura ya mwenyekiti itarudiwa. Nikadhani tumepona.

Mkwe akasimama: kama hakuna aliyevuka nusu, wawili wa juu wapigiwe tena. Wazo safi. Binti naye papo hapo akasimama: hapana, kila fundi apewe vifungo vya kutosha makopo yote, atie kimoja kwa kila anayemkubali. Nalo safi.

"Chukueni moja," nikawaomba. "Lolote kati ya hayo linatufaa."

"Langu ni jepesi," mkwe akasema.

"Jepesi, na watu wapange foleni mara mbili? Wana kazi zao, wifi."

"Na hivyo vifungo vyote utavikata kwenye shati la nani?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mzee Tepe akatoa la kwake, kwamba tubaki kama tulivyo, na mpiga pasi akapanga tena makopo matatu. Nilimwambia anaona kabisa kinachokuja. Akasema anaona, ila kazi yake ni kuhesabu.

Kubaki kama tulivyo kulipata vifungo kumi na vinane. Hata nusu hakukufika, lakini ishirini na viwili vilivyobaki mawifi waligawana.

Ukuta umesimama. Nimehamishiwa chini ya taa inayopepesa kama jicho lenye mchanga. Juzi mteja karudisha suruali nyeusi. Mfuko nimeushona mdomo ukafunga kabisa, mkono hauingii. Nilikaa kuufumua nikipapasa, na kila nilichofumua nilikitukana kimoyomoyo.

Mkwe akaja kunitungia uzi. "Mama, sema kweli. Kifungo chako ulimpa nani?"

"Tunga uzi. Na mwakani mmoja wenu akae chini."

"Atakaa yeye," akasema.

Alipoondoka akaja binti. Naye akaniuliza lile lile, nami nikamjibu vile vile.

"Atakaa yeye," akasema, akanirudishia sindano.