Chokkan Kwenye Foleni ya Muthappan

Shangazi Chirutha ndiye aliyesema ni mbwa. Alisema mikono kiunoni, na baba akaamini, maana tangu azaliwe hajawahi kumbishia dada yake mkubwa.

Samaki mkavu wa Muthappan, mungu wetu, alikuwa ametundikwa jikoni kwetu juu ya moshi, kwa sababu kibanda cha mungu kiko nyuma ya nyumba yetu na hakina pa kuweka kitu. Asubuhi ya siku ya ngoma ya mungu huyo tukakuta kamba inaning'inia peke yake. Na nyumba nzima tulikuwa siku ya tano hatuonji samaki wala nyama kwa ajili ya nadhiri ya baba, kwani yeye ndiye ambaye Muthappan humshukia.

"Amekula cha mungu kabla ya mungu," baba alisema. Hakumpiga Chokkan. Mbwa ni watu wa Muthappan, hawapigwi. "Lori la nazi likiondoka leo jioni, aondoke nalo. Wakamshushe huko milimani."

"Baba, atapotea."

"Ndiyo maana yake, Devu."

Chokkan nilimwokota mwaka niliotoka shule, darasa la nne, mama alipofariki. Alikuwa anaenea kwenye kifuu cha nazi. Sasa nikamfunga kwenye mnazi kwa mkono wangu mwenyewe, naye akanilamba kidole nikipiga fundo.

Mimi si msemaji, lakini naangalia. Kichwa cha yule samaki kilikuwa ndani ya majivu, na Chokkan siku zote huanza na kichwa. Tena kilikuwa kimechomwa vizuri, pande zote mbili, na mbwa wangu hajui kuwasha moto. Halafu shangazi, ambaye hatafuni tambuu mpaka anywe chai, alikuwa na shavu limejaa tangu alfajiri.

"Shangazi, leo umewahi tambuu."

"Jino linaniuma. Saga manjano yako."

Nikasaga. Ningemwambia nini baba? Kwamba dada yake ni mdokozi, tena ndani ya nadhiri? Ningepanda lori mimi.

Samaki mwingine akanunuliwa mbio mbio sokoni. Mchana baba akapakwa uso unga wa mchele na rangi nyekundu, akafungwa ndevu nyeupe, akavikwa taji la maua. Mwisho akapewa kioo kidogo cha mkononi, akajitazama. Hapo ndipo Muthappan huingia mwilini mwake na baba huondoka. Tangu utotoni nimekodoa macho nione anatokea mlango gani, na sijauona.

Muthappan akanywa tembo la mnazi, akala samaki wake, akashika upinde, akaanza kuwashika watu mikono mmoja mmoja na kusikiliza shida zao. Foleni ilizunguka uwanja. Nikaenda kumfungua Chokkan, tukasimama nyuma ya Mwalimu Kunhambu.

"We Devu, una wazimu?" shangazi akanijia. "Mbwa kwenye foleni?"

"Ana shida yake, shangazi."

"Mpisheni," mwalimu akasema, "mwenzenu ana safari." Watu wakacheka, wakatupisha.

Muthappan akatutazama. "Mwenye shida ni nani, wa miguu miwili au wa minne?"

"Wa minne, Muthappan. Anahamishwa kwa nguvu."

"Na nani?"

"Na mtu mmoja anaitwa Ambu. Nyumba yake ile pale."

"Namjua. Mkaidi kidogo. Tena anamwogopa dada yake." Watu wakaangua kicheko. "Kosa la mbwa?"

"Wanasema alikula samaki wako."

Akainama na taji lake lote, akamfumbua Chokkan kinywa, akanusa. "Huyu ananuka panya." Akajinyoosha, akamshika shangazi mkono. "Mama, jino linaendeleaje?"

Shangazi alilitaja jino mara moja tu, jikoni, tukiwa wawili.

"Limepoa, Muthappan," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Basi chukua." Akakata kipande cha samaki aliyebaki, akamwekea kiganjani mbele ya wote. "Mwaka ujao nisubiri. Sichelewi kula mimi."

"Nilikuwa na njaa, Muthappan." Machozi yalimtoka, na kicheko pamoja.

"Njaa naijua. Mimi mwenyewe nilifukuzwa kwetu kwa sababu ya nyama na tembo. Mbwa abaki. Na huyo Ambu mwambieni nimesema mimi."

Nikavuta kamba niondoke haraka. Muthappan akanidaka mkono.

"Na mkia?"

"Mkia gani, Muthappan?"

"Yule samaki alikuwa na mkia."

Foleni nzima ikanigeukia. Hata Chokkan akaniinulia uso, na yeye ndiye aliyekuwa shahidi pekee: nilipokuwa nachokoa majivu alfajiri, kabla ya kukiona kichwa, niliukuta mkia, bado una joto. Yeye sikumpa hata kidogo.

"Niliula mimi."

"Ulikuwaje?"

"Chumvi ilizidi."

Alicheka mpaka maua ya taji yakapukutika. Kisha akatoa hukumu: kila samaki mkavu atakayeingia nyumba yetu, mkia ni wa Chokkan, na nitampa kwa mkono wangu huku namtazama anavyokula.

Jioni baba alikaa kando ya kisima akijisugua rangi kwa mafuta ya nazi. Lori likapiga honi barabarani, likapita.

"Mbwa bado yupo?"

"Yupo."

"Nani kasema?"

"Muthappan."

Akaendelea kusugua. Nilimchungulia machoni. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoka, anauliza kwa sababu hajui.

"Kasema nini kingine?"

"Kasema wewe mkaidi kidogo."

"Hilo tu?"

"Na kwamba unamwogopa shangazi."

Jikoni sufuria zikaacha kugongana. Baba akageuza shingo taratibu kuutazama mlango, mafuta yakimchuruzika kidevuni, kisha akaninong'oneza:

"Hilo la shangazi, alilisema kwa sauti?"