Bahasha ya Wingu la Kumi na Saba

Wingu la kumi na saba lilijitokeza kwenye kioo cha rada saa nane mchana, likasimama juu ya bonde la mashariki kama mgeni asiyejua abishe mlango upi. Mpimaji wa mawingu alikisoma kimo chake na ubaridi wa kilele chake, akajua limekomaa. Maji yaliyokuwamo yalikuwa baridi kupita kiwango cha kuganda, ila hayakuwa yameganda. Yalikosa tu chembe za kushikamana nazo. Chembe hizo zilikuwa ghalani: mirija ya iodidi ya fedha, ambayo kituoni waliiita dawa.

Bonde lile ndiko alikoishi mdogo wake, aliyekuwa amempigia simu asubuhi.

"Dada, nimebakiwa na mbegu za kupanda mara moja tu. Nikizitia ardhini na mvua isije, watoto watakula mawe. Niambie neno moja: nipande, nisipande?"

"Subiri nikupigie," alimjibu.

Si kila wingu lililokomaa lilipewa dawa. Kituo kilikuwa katika majaribio ya miaka mitatu, na Mkuu wa kituo hakutaka mtu yeyote achague wingu kwa mapenzi yake. Kwa hiyo kila wingu lilikuwa na bahasha yake iliyofungwa kwa gundi, na ndani yake kadi yenye neno moja: DAWA au MOSHI. Ikitoka MOSHI, ndege ilipaa vilevile, ikachoma mirija ya moshi mtupu, ikarudi. Rubani mwenyewe hakuambiwa. Mwisho wa majaribio mvua za makundi hayo mawili zingelinganishwa, ndipo ijulikane kama dawa inafanya kazi au watu wanajidanganya.

Mpimaji aliichana bahasha. MOSHI.

Miaka ishirini na miwili kazini hakuwa amepindisha hata nukta. Alipiga moyo konde, akainua simu ya ghalani.

"Dawa," alimwambia fundi. "Mirija kumi na miwili."

"Leo una sauti ya chini kama bibi harusi," fundi akamtania.

"Funga mirija, mzee. Wingu halingoji utani."

Kisha akampigia mdogo wake. "Panda," akasema.

Mvua ilinyesha kabla jua halijatua. "Nimelowa chapachapa, dada!" mdogo wake alipiga kelele simuni. "Nimewaambia na majirani wapande. Nimewaambia dada yangu ndiye mwenye mawingu!"

Ijumaa Mkuu alifungua kabati lake, akatoa nakala ya orodha ya bahasha, akailinganisha na kumbukumbu za ghala. Akamwita.

"Keti, mama." Alipomwita mtu mama au baba, mtu huyo alikuwa amekwisha. "Wingu la kumi na saba. Orodha yangu inasema moshi, ghala linasema dawa. Nani mwongo?"

"Ni mimi. Mdogo wangu…"

"Sikukuuliza habari za ukoo." Alimsogezea karatasi. "Hili ni wingu la kumi na nane. Siku ileile, kimo kilekile, bonde la jirani. Lilipewa moshi, na limenyesha kuliko lako. Mdogo wako angelowa hata kama ungebaki nyumbani ukisuka nywele."

Mpimaji alizisoma namba mara mbili. Hazikuwa na kosa.

"Basi nifukuze."

"Nikufukuze, rada aisome nani? Bonde la mashariki limeingia doa. Takwimu zake hazifai tena. Ndege haiendi huko mpaka majaribio yaishe. Utaiandika amri hiyo kwa mkono wako."

"Mzee, bonde zima limepanda!"

"Kwa neno la nani?"

Wiki tatu zilipita bila tone. Kisha, adhuhuri moja, wingu kubwa kuliko yote ya msimu likasimama juu ya bonde la mashariki. Simu ya mezani ikalia. Mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha mpimaji, alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Dada, unaliona? Mahindi yamefika magotini, majani yameanza kujikunja. Majirani wote wamejaa uani kwangu. Nimeiweka simu juu ya meza, nimeipandisha sauti wakusikie wenyewe. Ndege inafika saa ngapi?"

Mpimaji alimgeukia Mkuu. Mkuu alikuwa akifuta miwani.

"Haiji, mdogo wangu. Bonde lenu limeondolewa kwa kosa langu. Ile mvua ya kwanza niliiagizia dawa kinyume cha utaratibu."

Mdogo wake akauliza taratibu, "Yaani ile uliyotupa ndiyo iliyotunyima hii?"

"Mwambie yote," Mkuu akasema.

Mpimaji aliisogelea simu. "Hata ile sikuwapa mimi. Ingenyesha tu."

Simu ilibaki wazi, na kutoka uani sauti ya mwanamke mzee ikauliza, bila hasira yoyote, mbegu alizokwisha kupanda atazidai kwa nani.