Mnyororo wa Maombi

"Sema tena," Dada Verlene alimwambia. "Na safari hii usimung'unye maneno. Sema kama mtu aliyeonewa."

Rhonda Tackett hakuinua macho. Alikuwa anachambua kuku, nyama ikitoka mifupani ingali ya moto, vidole vimeiva vikawa vyekundu. Jiko la kanisa lilinuka kitunguu na siagi. Juu ya meza ndefu sahani za kioo za kuokea zilisubiri tambi, kila moja imebandikwa chini yake kipande cha utepe chenye jina la mwenyewe. Katika mji wa Cotter Bend mtu akifa, chakula hufika kabla ya maua, na sahani lazima irudi kwao. Mzee Hobart Sizemore, ambaye tambi hizi zilikuwa zake, alikuwa bado anapumua hospitali, lakini kina mama wa kanisa hawakupenda kushtukizwa.

"Jina langu ni Rhonda Tackett," akasema, akimwambia kuku zaidi kuliko Verlene. "Binti yangu Brenna ana miaka kumi na saba. Alikuwa anampenda Mungu mpaka alipoingia darasa la Bwana Ostrander..."

"Hapo!" Verlene akapiga meza kwa kiganja. "Hapo hapo unyamaze kidogo. Waache wameze. Halafu?"

"Halafu nalia."

"Ukiweza. Ukishindwa, shika leso tu."

Verlene alikuwa mke wa Garland Combs, muuza matrekta, ambaye bango lake lilisimama kwenye nyasi za kila nyumba ya pili mjini: COMBS BODI YA SHULE. TUMRUDISHE MUNGU DARASANI. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na jioni hiyo bodi ingekaa kuamua kama mwalimu wa sayansi afukuzwe kwa kuwapotosha watoto. Garland alihitaji mama mwenye machozi. Akampata, tena mjane, tena mpishi wa shule hiyo hiyo.

Na hakumtafuta. Rhonda alijileta mwenyewe.

Mwezi mmoja nyuma, yeye akiosha vyombo na Brenna akifuta, binti alisema, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha: "Mama, mimi siamini tena. Nimejaribu. Naona hakuna mtu upande wa pili."

Rhonda hakumpiga wala hakumkemea. Alikausha mikono, akaingia chumbani, akafunga mlango, akafanya ambalo mama yeyote wa Cotter Bend angelifanya. Akampigia simu mkuu wa mnyororo wa maombi. Mnyororo huo ni wa kina mama: huyu humpigia yule, yule humpigia mwingine, mpaka kanisa zima liko magotini kwa jambo moja. Uvimbe wa titi, mume mlevi, kijana aliyekamatwa na polisi, yote yalipita humo.

"Kimya kimya, Dada Verlene," Rhonda alisihi. "Liwe baina yako na Bwana."

"Baina yangu na Bwana," akajibu Verlene. Akakata simu, akampigia Dada Oleta.

Ewe mama, siri ya mtoto ukiitoa mdomoni, hata kama umeitoa umepiga magoti, haikurudii ilivyokuwa. Kila aliyeipokea aliitia chumvi kidogo, kwa nia njema. Kwa wa kwanza Brenna alikuwa na mashaka. Kwa wa tano alikuwa amemkana Kristo. Ilipomfikia muuza petroli, Brenna alikuwa amechoma Biblia nyuma ya uwanja wa mpira, na Bwana Ostrander ndiye aliyempa kiberiti. Mwalimu wa watu, mgeni wa kutoka Ohio, anayeimba besi kwenye kwaya ya Walutheri! Shuleni wasichana wakaanza kumwachia Brenna viti vitupu, kulia na kushoto. Rhonda alikuwa akiwaona kutoka dirisha la kupakulia chakula. Alimwekea mtoto wake kipande kikubwa zaidi cha mkate, kana kwamba mkate ungekaa kwenye kiti.

Jioni hiyo ya kikao, Rhonda alipofika nyumbani kubadili nguo, Brenna alikuwa mezani.

"Unanuka mazishi," binti alisema.

"Ni kitunguu."

"Unakwenda kumfukuzisha kazi mtu ambaye hakunifanya kitu."

"Nakwenda kukuokoa wewe."

"Kuniokoa kutoka kwa nani, Mama? Shetani au Dada Verlene?"

"Chunga mdomo wako!" Rhonda alivua aproni akaitupa kitini. "Una akili nyingi, sivyo? Haya niambie. Kama hakuna Mungu, nani alikuamsha leo asubuhi?"

"Wewe. Ulinivuta blanketi."

Kicheko kilimpanda Rhonda kooni, akakimeza. Hakutaka kucheka. Alitaka kushinda. "Baba yako alikufa akiamini," akasema. "Vumbi la makaa ya mgodini limemjaa kifuani, pumzi hana, na bado anaimba. Wewe una mapafu mazima, unanyamaza."

Brenna alikuwa anachora mstari mezani kwa ukucha, anaurudia, anaurudia.

"Siku ya kumzika Baba," akaanza, "niliingia jikoni kule kanisani kutafuta kijiko. Dada Verlene akanikumbatia. Akaniambia mnyororo mzima ulifunga na kuomba, kwa hiyo kama Baba hakupona, basi kuna mtu nyumbani kwetu imani yake ina ufa. Akaniambia nijichunguze."

"Alisema nini?"

"Nijichunguze. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Mama. Nikajichunguza. Kila usiku nilikuwa nautafuta ule ufa. Nilijua ni mimi niliyemuua Baba. Mwisho ikabidi nichague: ama mimi ni muuaji, ama hakuna aliyekuwa anatusikiliza." Akainua uso. Haukuwa na chozi. "Bwana Ostrander alinionyesha ngozi ya kitunguu kwenye hadubini. Basi. Hilo ndilo kosa lake."

Rhonda alishika kingo ya sinki. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, nawe ungemwambia nani?"

Maji yalikuwa yanadondoka bombani. Rhonda alilifunga, likaendelea kudondoka. Akachukua koti lake, akatoka bila kubadili nguo.

Bodi ilikaa kwenye ukumbi wa kulia chakula wa shule, pale pale ambapo Rhonda alipakua kila mchana. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani. Mwenyekiti, Bi Pauline Estep, aliazima jikoni saa ndogo ya kuchemshia mayai, akatangaza kwamba kila msemaji aseme mpaka ilie, na ikilia akae.

Garland Combs alisimama wa kwanza, tai yake nyekundu. "Nchi hii ilianzishwa na watu waliopiga magoti!" akanguruma. "Leo mtoto akipiga magoti shuleni, wanamwita wakili!"

"Amina!" ukumbi ukajibu.

"Mimi ni Mbaptisti tangu babu wa babu," akasema mzee Lester, mchimba makaa mstaafu, hata zamu yake haijafika. "Babu zetu wahubiri walitiwa jela kwa sababu serikali ilitaka kuwapangia namna ya kuomba. Sasa wewe, Garland, ndiwe unayetaka kuwa hiyo serikali?"

"Keti, Lester! Betri ya sikio lako imekwisha!"

"Betri ni nzima, ndiyo maana najuta!"

Watu wakacheka, Bi Estep akagonga meza. Kisha mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Na huyo mwalimu aseme! Anaamini Mungu au haamini?"

Bwana Ostrander alikuwa amekaa mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri majibu. Akasimama. "Naamini," akasema. "Lakini hata nisingeamini, bodi haina haki ya kuniuliza." Walipiga makofi wawili tu. Mmoja alikuwa Lester.

"Rhonda Tackett," akaita Bi Estep.

Verlene alikuwa amekaa mstari wa mbele, leso tayari mkononi, akampa Rhonda alipokuwa anapita. Rhonda akaipokea. Akaitazama, akaiweka mezani kando ya saa ya mayai.

"Jina langu ni Rhonda Tackett. Wengi wenu nimewalisha." Akasafisha koo. "Binti yangu Brenna haamini kwamba kuna Mungu."

Verlene akamkonyeza: nyamaza hapo, waache wameze. Rhonda hakunyamaza.

"Bwana Ostrander hakumtoa kwa Mungu. Alimfundisha kitunguu." Mtu akacheka, akajizuia. "Mnamtafuta aliyemtoa? Msimtafute shuleni. Mtafuteni jikoni kanisani. Mtoto wa miaka kumi na miwili, udongo juu ya kaburi la baba yake haujakauka, mtu mzima anamkumbatia na kumwambia baba hakupona kwa sababu imani ya mtoto ina ufa."

"Nilisema kwa upendo!" Verlene aliruka, na alipokwisha kuruka ndipo alipogundua kwamba hakuna aliyekuwa amemtaja.

Ukumbi ukamgeukia. Hata Garland alimgeukia.

"Najua, Dada," Rhonda akasema taratibu. "Ndiyo maana ilimkaa."

"Mwenyekiti! Huyu mama ametoka nje ya hoja!"

"Keti, Garland. Saa yangu haijalia." Sauti ya Rhonda ilikuwa imepanda sasa, ile sauti ya kuwanyamazisha watoto mia wenye njaa. "Mimi naamini. Nitaamini mpaka mnizike, na siku hiyo mtakula tambi mbaya, maana anayejua kuzipika atakuwa ndani ya sanduku. Na huyu wangu haamini. Tunalala nyumba moja na paa halijatuangukia. Niliwaomba mmwombee, mkamtembeza mji mzima kama ndama wa mnada. Sasa nalitaka ombi langu. Litoeni kwenye mnyororo wenu. Mwanangu si bango la kuchomeka kwenye nyasi. Garland, ukimtaka tena mwanangu, utanikuta mimi mlangoni."

Saa ikalia. Ililia na kulia, hakuna aliyejua pa kuibonyeza. Rhonda akanyoosha mkono akaizima, maana ilikuwa ya jikoni kwake.

Bodi ilipiga kura na mwalimu akabaki, kwa kura moja. Uchaguzi ulipofika Garland alishinda vilevile, tena vizuri. Simu ya Rhonda ikawa jiwe, hakuna aliyepiga. Jumapili alikaa kwenye benchi lake la siku zote, nalo likawa refu, kwa kuwa waliozoea kukaa naye walikuwa wamehamia upande wa piano. Aliimba nyimbo zote, beti zote.

Baada ya ibada mchungaji Ratliff alimfuata uwanjani. "Dada Rhonda, kina mama wanaona upumzike jikoni kidogo."

"Sijachoka, Mchungaji."

"Ni kwa amani ya kanisa. Ule ufunguo wa jiko..."

"Ufunguo alinipa mama yako, Mungu amrehemu. Akinidai, nitamrudishia." Akaingia garini, akawasha injini, akaondoka na ufunguo wake.

Mzee Sizemore alikufa siku za baridi. Hakuna aliyempigia Rhonda. Aliona magari yamejipanga mbele ya nyumba ya marehemu wakati anatoka kazini, akapitia dukani akanunua kuku. Asubuhi ya maziko nyumba yao ilinuka kitunguu na siagi.

"Hawajakuita," Brenna alisema, ameegemea mlango.

"Mzee Sizemore hajanikataza."

"Watakuaibisha, Mama."

"Waanze." Rhonda alitoa sahani ndani ya oveni, jibini linatoa mapovu pembeni. Akaandika jina lake kwenye utepe. Lakini hakuubandika chini. Aliubandika ubavuni, upande wa kuangalia watu. TACKETT. Brenna aliutazama utepe ule. Akaingia chumbani, akatoka amevaa viatu vyeusi vya mazishi ya baba yake, ambavyo Rhonda alivivaa siku ile na sasa vilimtosha binti.

"Wewe unakwenda kufanya nini kanisani? Si huamini?"

"Naamini tambi zako. Na mzee alikuwa akinipa peremende." Akachukua kalamu, akaandika kwenye utepe, mbele ya jina la ukoo, kwa herufi ndogo zilizobanana: Rhonda na Brenna.

Sahani ilikuwa nzito na ya moto. Waliibeba wawili, kila mmoja upande wake na kitambaa chake, wakapanda ngazi za kanisa, mmoja kinyumenyume na mwingine akitazama mbele, kama watu wanaohamisha kabati. Ndani, maongezi yalikatika. Dada Oleta alibana sahani yake ya viazi kifuani. Mezani palikuwa pamejaa, mwisho hadi mwisho, na Verlene Combs alikuwa amesimama katikati na kijiko kikubwa cha kupakulia.

"Tuna ya moto hapa," Rhonda akasema. "Tupisheni."

Hakuna aliyesogea. Brenna akasogeza bakuli la kabichi kwa kiwiko, halafu saladi, halafu keki ya mtu, mpaka pakapatikana mahali. Wakaitua. Jina likawaangalia wote.

"Tuombe," mchungaji Ratliff akasema haraka, kama mtu aliyeona moto.

Vichwa vikainama. Rhonda alifumba macho, akaunganisha vidole. Ubavuni kwake alilisikia bega la binti yake, limenyooka, halikuinama, na joto lake likipenya kwenye koti. Akajua Brenna amefumbua macho, anawatazama wote, vichwa vyote vya mji vikiwa chini. Hakumpiga kiwiko.

"Amina," wakasema.

Rhonda alibaki amefumba. Aliusikia mvuke wa jibini ukimpanda usoni, akasikia kiatu cha mtu kikisita sakafuni, kikisita tena. Kisha mbele yake, karibu kabisa, kijiko kikapasua ukoko wa tambi zao.

Bado hakufumbua macho kuona ni mkono wa nani.