Nusu Saa ya Mdogo Wangu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala sikuhitaji msaidizi. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta.

Nafundisha ngumi. Pua yangu imevunjwa mara mbili, na akili iliyosalia inatosha kuendesha banda la mabati lenye magunia manne ya kupiga. Kazi yenyewe nusu mikono, nusu mdomo. Vijana wangu wakikimbia asubuhi, huwafuata kwa baiskeli, na anayelegea namwambia wanakuja hao, wanakukamata. Hucheka, kisha huongeza mwendo. Miaka kumi na moja nimekula kwa utani huo.

Mdogo wangu alikuwa mchomeleaji wa mageti kabla skizofrenia haijamshika. Alikuwa akisikia watu wakipanga kuja kumchukua. Vidonge viliwanyamazisha, ila vilimnenepesha mpaka suruali zake zote zikahamia kwangu, na mchana kutwa akawa wa kulala tu. Akatangaza kwamba anaviacha. Mama hakulia, aliingia jikoni akaosha sufuria zilizokuwa safi.

Muuguzi wa kliniki, mama mmoja asiyecheka ovyo, alitupa njia: atembee kwa kasi nusu saa kila siku, na mtu wa kwenda naye. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, akasisitiza, lakini mwili utapungua na usingizi utatulia. Mdogo wangu akaweka sharti lake. Akiona anapungua, atameza. Asipoona, asibembelezwe.

Nikajitolea mimi. Nani mwingine, na kocha yumo ndani ya nyumba?

Wiki ya sita mkanda wake ulikuwa umekazwa matundu mawili zaidi. Alianza kulalamikia bawaba za geti letu kwamba zimechomelewa na kipofu, nami nikafurahi kutukanwa hivyo. Nikajiona daktari. Siku iliyofuata nikachukua baiskeli.

Kwenye mteremko wa kuelekea njia panda akapunguza mwendo, akashika kiuno. Mdomo wangu haukuniuliza.

"Wanakuja hao," nikapaza sauti nyuma yake. "Wanakukamata."

Hakucheka. Aligeuka mara moja, akanitazama kama hanijui, akatoka mbio. Sikuwahi kujua ana mbio zile. Na Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi mbili niliona fahari. Kisha pikapu ya mikate ikamkuta katikati ya barabara.

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza mguu wa mwenzangu: umevunjika mara mbili chini ya goti. Pale chini, kati ya mikate, alimshika dereva shati akimsihi asimkabidhi kwao. Alikuwa akininyooshea mimi kidole.

Alilala hospitali wiki tano. Wale watu wake wakarudi, daktari akaongeza dozi, na kidonge kilichopitia mkononi mwangu hakukigusa. Muuguzi alimletea chupa mbili za maji za kunyanyua akiwa kitandani. Mama alihesabu. Mimi nilisimama koridoni, kwa mara ya kwanza maishani sina neno.

Aliporudi nyumbani na magongo, neno likarudi. Mama alitaka asitoke tena kabisa. Mdogo wangu akasema bila mazoezi vidonge vitamshinda, na kwamba atajiunga na kundi la wagonjwa linalofanya mazoezi kliniki na yule muuguzi. Mguu hautanyooka vizuri, alijua. Atachechemea nao hivyo hivyo.

Nikapinga. Nikasema wale nao wanaumwa, kipofu hamwongozi kipofu. Nikasema nitamchukua mimi, polepole, bila baiskeli. Mama akanitazama, ila sikuachia. Nikamuuliza, sauti zikimjia huko katikati ya mazoezi, nani atamshika kama si damu yake?

Mdogo wangu aliweka chini chupa yake ya kunyanyua, akafuta jasho kwa kiganja.

"Kaka, hizo sauti nimepewa dawa yake," akasema. "Ya kwako haina."